Blanketi Halina Moto Wake

Kijana, kabla hujashika sufuria yoyote, tazama kitambaa kilicho mkononi mwako. Kama kimelowa, kitupe. Na kama hujui kwa nini nakwambia hivyo, kaa chini usome, maana mimi jambo hilo nililipia kwa ngozi ya vidole vyangu, nyinyi nawapa bure.

Mimi ni Marwa, mpishi. Shule niliishia darasa la nne kule Kemambo na sioni aibu kulisema. Kwa mwiko nimejenga nyumba ya bati yenye vyumba vinne, nimenunua ng'ombe sita, na wanangu wanasoma vitabu ambavyo mimi nikivishika navigeuza geuza tu. Miaka kumi na saba nilipika katika shule moja ya sekondari upande wa Busawe, watu mia nne kila siku, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kukimbizwa zahanati kwa sababu ya chakula changu. Waulizeni. Sasa macho yamechoshwa na moshi, daktari kasema jiko basi, ingawa umri wangu bado si wa kuitwa babu. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu badala ya mwiko. Kalamu ni nyepesi mno, inanichosha.

Mjue kwamba sikuanza kwa kushangiliwa. Kwetu mwanaume huchunga, hulima, hujenga boma. Jiko ni la wanawake. Nilipomwambia baba kwamba nakwenda Sirari kupika kwenye mgahawa, alinitazama muda mrefu akauliza, "Umekosa ng'ombe wa kuchunga?"

"Sijakosa, tata," nikamjibu. Tata kwetu ndiyo baba. "Nimechoka kuwafuata nyuma."

Hakunipa baraka wala hakunizuia. Alisema tu kwamba nikirudi na njaa wakati natoka kupika, atawaita majirani waje kucheka.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa Mama Akinyi, hatua chache kutoka mpakani, pale malori yanapojipanga kusubiri karatasi zao. Mama Akinyi alikuwa amezoea pande zote mbili na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo. Wiki ya kwanza akaniambia nitoe sufuria ya mchuzi motoni. Nikachukua kitambaa kilichokuwa kwenye beseni la kuoshea vyombo, nikakikamua vizuri, nikashika masikio ya sufuria. Hatua ya kwanza, salama. Hatua ya pili, mkono ukalia. Hatua ya tatu mchuzi wote ulikuwa sakafuni na madereva wanne wamepandisha miguu juu ya benchi.

Mama Akinyi hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua imenyeshea unga wake.

"Wewe kijana ya Kemambo," akasema, "hiyo kitambaa iko na maji."

"Nilikikamua, mama."

"Umekamua, lakini maji bado iko ndani. Kitambaa kavu iko na hewa kwa mashimo yake. Hewa ni mvivu, haiwezi beba moto haraka. Ukiloweka, hewa inatoka, maji inaingia. Maji iko mbio. Sasa hii mchuzi nani atakula, ni hao ng'ombe wa babako?"

Siku ile ile, vidole vikiwa vimepakwa asali, alinishikisha kijiko cha chuma na mwiko wa mti, vyote vikiwa vimetumbukizwa kwenye uji mmoja. Nikaachia kijiko kabla sijahesabu kumi. Mwiko ningeweza kuushika mpaka uji uishe. Tangu hapo nikawa na somo langu la jikoni, la maneno machache: hewa ni mvivu, maji yana mbio, chuma ni kichaa. Ukiyashika hayo matatu utapika mpaka uzeeke na vidole vyako kumi.

Mambo mengine nilimwona akifanya bila kumuuliza. Makaa ya jioni aliyafukia kwenye majivu, asubuhi akayafukua yakiwa mekundu. Chapati alizipanga kwenye kapu lililotandikwa shuka, saa sita bado zinatoa mvuke. Nilijua vinafanyika hivyo, sikujua kwa nini. Kijana, hapo ndipo palipokuwa na shimo langu, na nilitembea nalo miaka mingi nikidhani nimekamilika. Unaweza kujua kazi vizuri sana na usijue unachokijua.

Sasa nihamie shuleni, kwa maana huko ndiko lilikotokea ninalotaka kuwaambia.

Alikuja mwalimu mpya wa fizikia, Mwalimu Neema, binti wa Same, mdogo kiasi kwamba siku ya kwanza mlinzi alimwuliza sare yake iko wapi. Chumba cha maabara shuleni kilikuwepo, kuta na bati, lakini ndani mlikuwa na meza mbili na popo. Kipimajoto kilikuwa kimoja, na kilianguka kikapasuka kabla hajamaliza mwezi. Asubuhi moja akanijia jikoni, vitabu kifuani.

"Shikamoo, mpishi."

"Marahaba, mwalimu."

"Nina vijana arobaini na sita wa Kidato cha Tatu, nafundisha habari za joto, na sina hata mshumaa wa kuwaonyesha. Wewe una moto, una maji, una chuma, una mti. Naomba niazime jiko lako kipindi kimoja."

"Jiko siazimi," nikamwambia. "Jiko linakuja na mwenyewe."

Akacheka, akakubali. Basi mimi, wa darasa la nne, nikasimama mbele ya Kidato cha Tatu nikiwa na aproni safi.

Mwalimu Neema alianza na mabeseni matatu. La kulia maji ya moto ya kuvumilika, la kushoto maji ya baridi ya kisima, la katikati vuguvugu. Akamwita kijana mmoja atumbukize mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, akae hivyo kidogo, kisha yote miwili aitie katikati.

"Maji haya yakoje?" akamwuliza.

Kijana akasimama kinywa wazi. "Mwalimu, huu mkono unasema baridi. Huu unasema moto."

"Kwa hiyo upi mwongo?"

"Yote, mwalimu," akajibu mwingine kutoka nyuma. "Hata mwenye nayo." Wakacheka, na somo likaingia: mkono hupima kwa kulinganisha na ulikotoka, hauna kipimo chake wenyewe.

Halafu akawauliza kipi kina joto zaidi, cheche moja ya kuni au sufuria nzima ya uji. Darasa likagawanyika. Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikakunja mkono wa shati.

"Tazameni hapa," nikasema. "Cheche zimeniangukia mkono huu mara ngapi sijui. Nazipangusa naendelea kukoroga. Lakini hili kovu ni la bakuli moja tu la uji. Cheche ni kali kuliko uji, haina ubishi, lakini ni ndogo, ukali wake unaishia palepale. Uji ni mpole, lakini umebeba mzigo."

Mwalimu Neema akaandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, moja la ukali na moja la mzigo. Nami nilijisikia kama mtu aliyepewa shahada. Hilo, vijana, lishikeni: ukali wa joto ni jambo moja, wingi wake ni jambo lingine. Moto mkubwa unaolamba ukuta wa sufuria mpaka juu ni ukali mtupu unaokwenda kupasha bati.

Kama ningeishia hapo ningebaki na heshima yangu. Lakini nilinogewa. Nikalichukua blanketi la mlinzi lililokuwa limeanikwa nje, nikawauliza, "Blanketi lina nini?"

"Joto," wakaitikia.

"Sawasawa. Blanketi lina joto lake. Ndiyo maana ukijifunika linakupa."

Kisha sauti ya chini ikatoka pembeni, karibu na rundo la kuni. "Tata, blanketi halina moto wake."

Wanafunzi wengi waliniita tata, kwa adabu. Nikageuka. Alikuwa Robhi, binti mwembamba ambaye nilimjua kwa jambo moja tu, kuchelewa Jumatatu.

"Limepata wapi joto basi?" nikamwuliza.

"Kwa anayelala ndani. Lenyewe linamzuilia tu lisimtoke. Bibi yangu, maziwa yakishapoa asubuhi, huviringisha kibuyu kwenye blanketi ili mchana jua lisiyaguse. Yanakaa baridi. Blanketi lingekuwa na joto lake, maziwa yangechacha."

"Bibi yako anabahatisha," nikasema, na hapo nikatia mguu mtegoni mwenyewe. "Tuwekeane dau. Tulete barafu mbili, moja tuifunike blanketi, nyingine tuiache wazi. Ya kwenye blanketi ndiyo itakayoyeyuka kwanza. Nikishindwa, wiki nzima nitakuita mwalimu."

Tulimtuma kijana akanunua barafu mbili za juisi kwa mama mwenye friji pale senta. Moja nikaiviringisha kwenye blanketi, mara nne, kwa mbwembwe. Nyingine ikakaa kwenye sahani. Tukasubiri Mwalimu Neema akieleza mambo mengine. Kipindi kilipoelekea kwisha, ya kwenye sahani ilikuwa imebaki mfuko na maji mekundu. Nikafunua blanketi. Barafu ilikuwa imekaa ndani kama jiwe, imelainika pembe tu.

"Pole, tata," akasema kijana mmoja. "Blanketi limekugeuka."

"Nyamaza, mura," nikamjibu, yaani kijana. "Mwalimu Robhi bado hajakuruhusu kuongea."

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni niliungua kuliko siku ya mchuzi.

Saa ya kuosha vyombo Robhi alirudi peke yake. Akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Tata, nina swali. Kama blanketi linazuia joto lisiingie kwenye barafu, si litazuia pia lisitoke kwenye sufuria? Makande yakishachemka sana, kwa nini uendelee kuchochea mpaka saa saba?"

Niwaambie kweli, nilikasirika. Miaka kumi jikoni wakati ule, na mtoto ananiuliza kwa nini nachochea. "Kwa sababu ndivyo yanavyoiva," nikasema. "Wewe makande yanakuhusu nini, ukila si unashiba?"

"Nauliza kwa sababu ya kuni."

Hapo akanieleza, bila kulia, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Utaratibu wetu ulikuwa kila mwanafunzi alete mzigo wa kuni Jumatatu. Asiyeleta anarudishwa akautafute. Kwao Robhi vilima vya karibu vilikuwa vimenyolewa, kuni zilizobaki zilikuwa mbali, karibu na mpaka wa hifadhi, mahali ambapo hata watu wazima huenda wakiwa wengi. Yeye alitoka kabla ya jua, akatafuta, akabeba, akafika shuleni kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza cha Jumatatu kilikuwa fizikia. Na mara mbili muhula ule alikosa kabisa, akarudishwa.

"Baba amesema nikirudishwa tena kwa ajili ya kuni, nisirudi shule. Amesema kuni za kubeba zipo hata kwake."

Mimi ndiye niliyekuwa nikizichoma kuni zile. Miaka yote nililitazama lile rundo nyuma ya jiko nikaona utajiri wangu. Sikuwahi kufikiri kila mzigo ulikuja juu ya kichwa cha nani.

Jumamosi nilijaribu nyumbani. Nilifanya kimyakimya, maana mtu mwenye kujisifu hupenda kushindwa akiwa peke yake. Nikaloweka maharage, nikayachemsha kwa nguvu kama nusu saa, nikaondoa sufuria na mfuniko wake, nikaiviringisha blanketi letu na nguo zote za baridi, nikaiweka kitandani. Mke wangu aliingia mchana akakuta kitanda kimenona.

"Kuna mgonjwa?"

"Maharage."

Alinitazama kama baba alivyonitazama siku ya Sirari. Lakini tulipofunua alasiri, yalikuwa yameiva, laini, yote sawa, hakuna lililopasuka. Alikula sahani mbili, na blanketi likanuka maharage wiki nzima.

Mia nne ni jambo jingine. Blanketi mia huna. Mwalimu Neema akaifanya iwe kazi ya darasa: makopo sita sawa, maji ya kuchemka sawa, kila moja lizungushiwe kitu tofauti kinachopatikana bure. Mchanga, majivu, nyasi mbichi, nyasi kavu, maranda ya seremala, na moja tupu. Mimi niliweka imani kwenye mchanga. Jua la saa sita linaufanya uunguze nyayo, nikasema huyu anajua kushika joto. Kumbe mchanga huunywa moto wa kopo na kuupitisha nje. Nyasi mbichi ilikuwa maji tu yenye rangi ya kijani. Yaliyoshinda ni maranda, na nyasi kavu ikayafuata kwa karibu. Robhi ndiye aliyesema sababu: "Ni hewa, tata. Maranda yameishika isitembee." Ni yale yale ya Mama Akinyi, hewa ni mvivu, niliyoyabeba mwenyewe tangu Sirari. Nilikuwa na ufunguo mfukoni nikipanda dirishani.

Seremala akatupa maranda magunia mawili. Mbao za madawati mabovu tukazipiga sanduku refu la sufuria nne. Maranda tukayashona kwenye mifuko ya kitambaa yasiingie kwenye chakula, tukatandika chini, pembeni na juu. Kila kitu kikavu. Nasema tena, kikavu.

Mkuu wa shule alitusikiliza mbele ya ofisi yake, Mwalimu Neema, mimi na Robhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto mia nne wa kulisha na hakuna aliyemtumia kuni kwa lori.

"Wiki moja," akasema. "Jumatatu hadi Ijumaa. Kengele ya chakula ikilia, chakula kiwe kimeiva, kwa nusu ya kuni. Ikitimia, walioko mbali sitawadai kuni tena. Siku moja tu ikishindikana, tumemaliza, na sitaki kusikia tena habari za blanketi."

Robhi alisema, "Asante, mwalimu." Alikuwa na kuni zake kichwani bado, hakuwa ameambiwa azitue.

Jumatatu ya majaribio niliamka na nguvu za vijana watatu. Makande yalikuwa yameloweshwa. Nikayachemsha kwa nguvu kipindi kizima na nusu, nikahesabu kwa kengele. Mimi na mlinzi tukapitisha mti kwenye masikio, sufuria moja baada ya nyingine tukazishusha sandukuni, tukafunika. Moto nikauvuta nje nikauzima. Jiko likawa kimya. Vijana, hamjui ukimya ule. Mpishi aliyezoea kusikia sufuria ikiongea, leo haiongei, na watoto mia nne wanakuja.

Nikavumilia mpaka saa nne. Nikasema nionje moja tu, mpishi asiyeonja ni mpishi gani. Nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni, mzuri, nikaonja, bado. Nikafunika. Nikasema sasa ya pili, nisiwe na upendeleo. Kisha ya tatu, kisha ya nne. Saa tano nikarudia zote. Saa sita tena, na safari hiyo mvuke haukunipiga usoni. Ulitoka kidogo kama pumzi ya mtu aliyelala.

Kengele ikalia. Mahindi yalikuwa yanasaga meno. Wavulana wakaanza kupiga vijiko kwenye sahani.

"Tata, haya ni makande au changarawe?"

"Maharage ya zamani," nikasema. "Muuzaji kanidanganya." Nikawasha moto upya, wakala saa tisa. Na ule uongo wa muuzaji ulinitoka laini, kama mafuta.

Robhi hakupanga foleni. Alikuja upande wa sanduku, akaweka kiganja juu ya mfuko wa maranda, akaniuliza taratibu, "Tata, ulifunua?"

Nikajifanya sikusikia.

Mkuu akatuita. Robhi alisimama karibu na mlango, macho kwenye viatu vyake.

"Binti, umeona mwenyewe," Mkuu akasema. "Wazo lilikuwa zuri, lakini halishibishi. Jumatatu ijayo kuni kama kawaida. Na wewe umekosa mara mbili, sasa hivi nitaandika barua kwa mzazi."

Akavuta karatasi. Mimi nilikuwa na heshima yangu pale, nimeijenga kuanzia kwenye mchuzi uliomwagika mpaka hapo. Barua ile ingefika kwao, na baba yake alishasema neno lake.

"Mkuu," nikasema, "wazo halikushindwa. Nilifunua."

"Ulifunua nini?"

"Sufuria. Kuonja."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Kalamu ikasimama.

"Kila moja," nikamalizia. "Na muuzaji hakunidanganya. Maharage ni mazuri, mimi ndiye sikuwa na subira. Joto lote nililitoa mwenyewe kwa mikono yangu, huyu mtoto asihesabiwe kosa."

Mwalimu Neema alitazama dirishani, nadhani alikuwa anazuia kicheko au kitu kingine. Mkuu aliweka kalamu.

"Marwa, miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema umekosea."

"Na hutanisikia tena, Mkuu. Nipe hizo siku nne zilizobaki."

Alifikiri. Akaikunja ile karatasi tupu akaiweka kwenye droo. "Nne. Lakini usiwe karibu na sanduku."

Jumanne, tulipokwisha kufunika, Robhi aliomba ruhusa darasani akaja na kamba. Akalizungusha sanduku mara mbili akalifunga kwa fundo lile la mzigo wa kuni, linaloweza kubebwa kilomita nyingi bila kulegea. "Fundo hili nalijua mimi tu, tata," akasema. Akarudi kipindini.

Nilichukua fyekeo nikaenda kufyeka uwanja wa mpira, kazi ambayo haikuwa yangu. Nilifyeka goli hadi goli. Kila nikigeuka nililiona paa la jiko halina moshi, nikazidi kufyeka. Mlinzi akapita akaniuliza kama nimeachishwa upishi.

Kengele ilipolia nilikuwa wa kwanza kufika, jasho mpaka kwenye viatu. Robhi akafungua fundo. Nikaondoa mifuko, nikafunua, na mvuke ukapanda mpaka kwenye bati. Nilichukua punje moja ya maharage nikaibonyeza kwa vidole viwili. Ikalainika ikawa uji. Nikachota bakuli la kwanza nikampa Robhi, naye akala wima palepale, kwa haraka, kama mtu anayehakikisha kwamba si ndoto.

"Yameiva, tata?" wakauliza wavulana.

"Jipangeni," nikasema. "Mwalimu wenu anakula."

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, vivyo hivyo. Nilifyeka uwanja, nikafyeka njia ya ofisi, nikafyeka mpaka kwa jirani. Siku ya tatu nilianza kuamini. Siku ya nne nilikaa kivulini nikanywa chai, sanduku liko nyuma yangu limefungwa, na sikugeuka hata mara moja. Hiyo nayo ni kazi, kijana: kuiacha kazi ifanyike.

Ijumaa Mkuu alikwenda mwenyewe kuliangalia rundo la kuni, akalizunguka, akarudi. Mstarini akatangaza kwamba walioko mbali wasilete tena, na wa karibu walete mara moja kwa mwezi.

Siku hizi gesi imefika kwenye shule nyingi, na nyinyi mnaoanza mtawasha kwa kubonyeza. Msidhani niliyosema yamepitwa. Mtungi nao huisha, na moto unaoupotezea hewani ni moto uleule. Chemsha kwa nguvu, funika vizuri, zuia kwa kitu kikavu chenye hewa ndani, na weka mikono yako mbali.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nje ya jiko nikichemsha uji wa walimu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa amefika. Nikamwona mtu anakuja peke yake kwenye njia, jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake. Alikuwa Robhi, daftari kwapani, hana kitu kingine. Alitembea shingo imenyooka na hatua fupi, na kila penye jiwe au kijimfereji mkono wake wa kulia ulipanda juu kushikilia mzigo, ukakuta hewa, ukashuka. Alipofika getini ukapanda tena. Akausimamisha pale juu ya nywele, akajishtukia, akautazama.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwalimu. Kengele bado."

"Najua," akasema. "Leo nina fizikia."

Nikamwekea uji kwenye kikombe cha bati, nikakizungushia kitambaa kikavu asiungue, akaenda nacho darasani kukaa kwenye dawati la mbele.